Sauti Yangu Redioni, Pumzi ya Baba

Nyumbani kwetu Chaani, upande wa Changamwe, hakuna aliyehitaji kutuambia kwamba baba amerudi safari. Tukigutuka usiku tukasikia nyumba inanguruma, tulijua trela limeegeshwa, na asubuhi kutakuwa na machungwa ya Mtito Andei kwenye beseni. Baba alikoroma mkoromo wa kupanda mlima. Ulianza taratibu, ukapanda, ukazidi kupanda, halafu ghafla kimya.

Kimya hicho ndicho kilichotunyima usingizi sisi watoto. Chumba chetu na chao kilitengwa na ukuta mmoja ambao haukufika kwenye bati, kwa hivyo kila sauti ilipita. Kakangu alikuwa akihesabu kwa kunong'ona. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Usiku mmoja alifika thelathini na saba kabla ya baba kuvuta pumzi kwa kishindo, kama mzamiaji anayeibuka juu ya maji, kisha mlima ukaanza upya. Mama alimsukuma ubavuni. "Geuka, baba watoto." Aligeuka. Baada ya muda mambo yakawa yale yale.

Nyanya, mamake baba, akikaa Mtongwe, Likoni, naye hakuwa na shaka yoyote: mwanawe alikuwa akikabwa na jinamizi. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, baba akanywa asubuhi tatu mfululizo. Nayaandika haya kwa heshima. Katika ukoo mzima nyanya alikuwa mtu wa kwanza kusema kwamba ule haukuwa uchovu wa safari, kwamba kuna kitu kinamkaba mwanawe usiku. Jina alilokipa kitu hicho lilitoka kwenye elimu aliyokuwa nayo. Alichokiona, alikiona sawasawa. Sisi tuliosoma ndio tuliosema mzee amechoka tu, mwacheni alale.

Nilipoingia redioni mwaka 2009 nilikuta ukoromaji una nafasi moja tu hewani: kuchekesha. Katika michezo ya kuigiza mtu akikoroma, ni zamu ya msikilizaji kucheka, na mkoromaji huwa mnene, mlafi na mvivu. Picha hiyo ni ya zamani kuliko redio. Charles Dickens, katika riwaya yake ya *The Pickwick Papers* iliyoanza kutoka mwaka 1836, alimchora kijana mnene anayesinzia hata akiwa amesimama kazini, na mwaka 1956 madaktari wa Marekani walilichukua jina la kitabu hicho wakalipa hali ya wagonjwa wanene waliokuwa wakisinzia mchana kutwa na kupumua kwa shida. Baba yangu alikuwa mwembamba kama mlingoti. Alichokuwa nacho ni taya fupi, la kurudi nyuma, ambalo sote tumelirithi. Kwa hivyo hata nilipokutana na habari za maradhi haya kwenye dawati langu, na nilikutana nazo mara nyingi, sikumwona baba ndani yake.

Madaktari huyaita apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma, njia ya hewa ikajifunga kwa sekunde 10 au zaidi. Damu hupungukiwa na oksijeni, ubongo ukashtuka, mtu akazinduka nusu bila kujua, akavuta pumzi, akalala tena. Hali hiyo ikijirudia mara 5 hadi 15 kwa saa, maradhi huhesabiwa kuwa mepesi. Ikizidi 30, ni makali. Moyo unakimbizwa usiku kucha, presha ya damu inapanda, na mchana mtu anasinzia hata mkono ukiwa kwenye usukani.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 13 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kila alasiri Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, au mmoja wa wasaidizi wake, alisoma takwimu za siku, na jioni mimi nikazisoma kwa Kiswahili. Sentensi mbili zilifuatana kila siku kama punda na mkokoteni. Ya kwanza: wagonjwa kadhaa wako mahututi, baadhi yao kwenye mashine za kusaidia kupumua. Ya pili ilitaja waliofariki. Mtayarishaji wetu aliweka chini ya sauti yangu mlio wa kifaa cha hospitali, ti, ti, ti, ili habari iwe na uzito. Sikupinga. Niliamini tunawahimiza watu wajikinge.

Lakini hebu tazama nilichokifanya. Kwa maneno hayo, "mashine za kusaidia kupumua", nilifunika vifaa visivyofanana hata kidogo. Kuna mashine inayomfanyia kazi ya kupumua mtu asiyejiweza, kwa mpira uliopitishwa kooni hadi kwenye bomba la hewa, naye amelazwa usingizi wa dawa. Kuna mtungi wa oksijeni. Na kuna ile inayoitwa CPAP, ambayo wauguzi wetu huitamka "sipapu", isiyopumua kwa niaba ya mtu yeyote, isiyotoa oksijeni yake yenyewe, inayosukuma tu hewa ya chumbani kwa nguvu kidogo ili njia isijifunge. Mwezi Aprili mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipounda mashine yao ya kusaidia kupumua, tuliwapongeza hewani kwa siku kadhaa, na katika siku zote hizo sikumweleza msikilizaji kinachofanyika ndani ya kile kisanduku.

Hata neno barakoa lilibadilika midomoni mwetu. Wazee wa Pwani walilijua kama kifuniko cha uso cha mwanamke wa heshima. Mwaka ule likawa neno la hofu na la faini.

Baba wakati huo alikuwa kwenye foleni ya malori Malaba, akisubiri kupimwa kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Madereva wa masafa marefu walitajwa kila siku kuwa ndio wabebaji wa virusi, na mimi nilizisoma habari hizo pia. Alilala ndani ya kebini siku tano, simu sikioni, akimsikiliza bintiye kutoka Mombasa akitangaza nani yuko kwenye mashine na nani amefariki.

Miaka miwili baadaye, mchana kweupe, karibu na Mackinnon Road, baba alisinzia akiendesha. Trela liliacha lami likaingia vichakani. Mungu akajaalia hapakuwa na mtu kando ya barabara. Utingo wake aliumia bega tu. Mwenye malori alimwachisha kazi wiki hiyo hiyo, baada ya miaka 31 ya barabara ile. Kwenye taarifa ya ajali, habari ya namna hiyo huwa na sentensi moja: dereva anaaminika alisinzia. Nimeisoma sentensi hiyo mara zisizo na hesabu. Haiulizi kwa nini. Inamwacha dereva na aibu, basi.

Aliyeuliza kwa nini alikuwa daktari kijana wa kike, katika kliniki ya hapo hapo Changamwe ambako baba alikwenda kuchukua dawa za presha. Alikuwa anameza aina tatu na presha haishuki. Daktari aliacha kumtazama baba, akamgeukia mama. "Mama, usiku hulala vipi?" Mama alikuwa amengoja swali hilo kwa miaka 35. Alizungumza bila kupumzika: kukoroma, kukata pumzi, kwenda msalani mara nne usiku, kichwa kinachomgonga alfajiri hadi anasujudu kwa shida.

Baba alipimwa nyumbani. Tuliazimwa kifaa kidogo cha kufungwa kifuani, chenye mrija wa puani na kibanio cha kidole, akalala nacho usiku mmoja. Majibu yalirudi: mara 47 kwa saa, na oksijeni iliyokuwa ikishuka hadi asilimia 72. Dawa yake, tukaambiwa, ni sipapu. Kila usiku, maisha yake yote.

Baba alikataa palepale. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti chake barazani, akanitazama, akasema bila hasira yoyote: "Mamangu, wewe mwenyewe ulitwambia. Kila jioni ulitwambia. Aliyewekwa mashine, jina lake lasomwa kesho."

Sikuwa na jibu. Mtu anaweza kubishana na uvumi wa mtaani. Mimi nilikuwa ninabishana na sauti yangu mwenyewe.

Shangazi, dadake baba, alikuja kutoka Kisauni na shauri lake: upasuaji. Na hakulitoa hewani. Mjukuu wake wa Mlaleo, mtoto wa miaka sita, alikuwa akilala mdomo wazi, akikoroma kama mtu mzima, akisinzia darasani hadi mwalimu akamwita mzito wa akili. Alipopelekwa hospitali akakutwa na nyama za pua na mafindofindo yaliyovimba hadi kukaribia kugusana. Yakaondolewa. Ndani ya mwezi mtoto akawa mwingine, analala kimya, anacheza, anasoma. "Huyu mtoto kapona kwa kisu," shangazi alisema. "Mnamfungia kaka yangu mpira puani wa nini?"

Juu ya hayo, kulikuwa na makala yangu. Miaka michache nyuma nilikuwa nimetafsiri habari ya ng'ambo kuhusu mionzi ya leza inayochoma nyama ya nyuma ya kaakaa na kumaliza ukoromaji kwa dakika chache, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Niliisoma kwa furaha. Simu ziliingia kutoka Likoni, Kongowea, Jomvu, na mama mmoja akasema neno ambalo sikulizingatia vya kutosha siku ile: "Kumbe wazungu nao wakata kimio!"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na ukataji wake ni wa kale huku kwetu, Kenya na Tanzania. Mtoto akikohoa bila kukoma, hupelekwa kwa mkataji. Madaktari wameupinga kwa muda mrefu kwa sababu watoto huvuja damu nyingi, hupata vidonda vyenye usaha, hata pepopunda. Sasa redio ile ile inayowaonya wazazi dhidi ya kisu cha mkata kimio ilikuwa inashangilia kisu kingine mahali pale pale, bila kueleza tofauti wala mipaka yake.

Baba akakubali kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo mjini, kwa sharti moja, akatwe yaishe. Tulivuka wanne: yeye, mama, shangazi na mimi. Daktari akawasha taa. "Fungua mdomo, mzee." Akachungulia, akazima taa, akaiwasha tena. "Kimio chako kiko wapi?"

Baba akaeleza. Alikatwa akiwa mtoto, upande wa Kwale, kwa ajili ya kikohozi. Mama alishika mdomo. Miaka yote ya ndoa hakujua. Na shangazi, mwanamke asiyekosa neno, alinyamaza. Kile walichotaka kikatwe kilikuwa kimekatwa zaidi ya nusu karne iliyopita, na mtu bado alikuwa akikata pumzi mara 47 kwa saa. Daktari alituonyesha kovu lililobaki, lililolivuta kaakaa kwa nyuma, na akasema huenda kovu lenyewe limeifinya njia zaidi.

Alitueleza mengine pia, bila haraka, nami namshukuru hadi leo. Mtoto ana nyama zilizovimba. Ukiziondoa, mara nyingi umeondoa tatizo. Ndiyo maana kwa watoto upasuaji ndio hutangulia. Koo la mtu mzima linajifunga sehemu kadhaa, nyuma ya kaakaa, nyuma ya ulimi, pengine chini zaidi, na kisu kinachokata sehemu moja kinaacha nyingine. Baadaye nilisoma mwenyewe. Upasuaji wa kaakaa kwa ajili ya apnia ulielezwa na Fujita na wenzake wa Detroit mwaka 1981, na uchambuzi wa mwaka 1996 ulikuta kwamba wagonjwa walionufaika ipasavyo hawakufika nusu. Ile leza niliyoishangilia, madaktari wa usingizi wa Marekani hawaipendekezi kwa apnia. Upo upasuaji mwingine mkubwa, wa kusogeza taya zote mbili mbele, unaosaidia watu waliochaguliwa vizuri, na kipo kifaa cha kupandikizwa kifuani cha kuushtua mshipa wa fahamu wa ulimi, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Si uongo kwamba upasuaji husaidia. Uongo ni lile neno "yaishe", na neno hilo ndilo habari za upasuaji hulipenda kuliko yote.

Mwaka ule ule wa 1981, daktari Colin Sullivan wa Sydney aliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa watano aliowavalisha kifuniko cha pua kilichounganishwa na mashine ya kupuliza hewa. Kabla yake, tiba ya uhakika kwa mgonjwa mahututi wa apnia ilikuwa kumtoboa koo apumulie tunduni shingoni. Hebu fikiria: kifaa tunachokiogopa kilibuniwa ili watu wasitobolewe koo. Katika miaka yangu yote redioni sikuwahi kuisimulia habari hiyo.

Lakini aliyembadilisha baba hakuwa Sullivan wala mimi. Ni yule daktari wa mjini, aliyemuuliza: "Mzee, tairi likikosa upepo hufanya nini ukilitwika mzigo?"

"Lajikunja ubavuni," baba akajibu mara moja.

"Koo lako likilala lajikunja vivyo hivyo. Hii mashine ni kompresa. Yatia upepo kiasi cha kulisimamisha, basi. Kupumua wapumua mwenyewe."

Baba akafikiri. "Watia presha ngapi?"

"Tutaanza na 8, pengine tufike 11. Si ya tairi lakini. Hii hupimwa kwa sentimita za maji."

Baba akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeelewana na fundi mwenzake. Nilisimama pembeni, mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kueleza mambo, nikasikiliza.

Mashine iligharimu bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Bima yetu haikuilipa. Tulichanga. Binamu yangu wa Muscat alitaka kutuma moja iliyotumika, ya Philips, na hapo nikashukuru kwamba kazi yangu hunilazimisha kukumbuka tarehe: mwezi Juni 2021 kampuni hiyo ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili mwaka huo, kwa sababu povu la kupunguza sauti ndani yake lingeweza kumomonyoka na chembe zake zikavutwa na mgonjwa. Habari hiyo ilipotoka, baadhi ya vyombo viliigeuza kuwa "mashine za usingizi zaleta saratani". Mtu aliyekuwa na mashine ya kampuni nyingine kabisa angeweza kuivua usiku huo. Nilimwambia binamu atazame aina na tarehe iliyobandikwa chini ya mashine. Ilikuwa miongoni mwa zile zilizorudishwa. Alinunua chakula cha Idi badala yake, na mashine mpya tukaipata Nairobi.

Usiku wa kwanza baba aliivaa dakika ishirini, akaing'oa. Upepo ulipenya kwenye ndevu zake ukalia kama filimbi. Usiku wa tatu alisema anahisi kama ametoa kichwa nje ya dirisha la lori. Wiki mbili alilala nayo saa moja, saa mbili. Haya ndiyo hayaonyeshwi. Runinga ikionyesha mashine hii, huonyesha mtu wa matangazo aliyelala akitabasamu, au mtu wa kuchekwa aliyefanana na rubani wa vita. Zile wiki za katikati, za kubadilisha kifuniko kikubwa kwa vijiti viwili vidogo vya puani ambavyo havigombani na ndevu, za mama kuamka kukaza mkanda, za kuosha mpira kwa sabuni na kuuanika uani kivulini, hazina mpiga picha. Mwaka 2016 utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au waliopata kiharusi haukuona kwamba mashine ilipunguza mashambulizi mengine ya moyo, na vichwa vya habari vikasema mashine haifai. Wachache walichapisha kwamba wagonjwa wale waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na kwamba hata hivyo usingizi wa mchana uliwapungua na wakachangamka zaidi. Mimi nilisoma kichwa cha habari. Sikufika kwenye hizo saa tatu.

Mwezi wa pili, alfajiri moja, baba aliamka kwa adhana bila kuamshwa, akaswali, akakaa barazani hadi jua likatoka. "Kichwa hakinigongi," alisema. Mama alilia. Presha ilianza kutii dawa, na aina moja ikaondolewa.

Kisha usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Nilikuwa Likoni, kwangu, simu ikiwa na chaji kidogo, nikampigia mama. Akaniambia baba amekaa kitini, hataki kulala. Mtu aliyekataa mashine kama kifo sasa alikuwa anaogopa kulala bila mashine. Tulisoma habari za uwanja wa ndege uliokaa gizani, na zilistahili kusomwa. Lakini nilijua kuna nyumba, Chaani na kwingineko, ambako mzee amekaa kitini akingoja asubuhi, nami nikaomba tuseme hilo katika taarifa ya mchana. Tulilisema kwa sentensi mbili. Baada ya hapo tulichanga tena, tukanunua betri ya lori na kibadilishi cha umeme. Baba aliunganisha nyaya mwenyewe.

Kiangazi hicho hicho cha Ulaya na Marekani, mwishoni mwa Juni, Rais Joe Biden alionekana na alama za mikanda mashavuni, na Ikulu yake ikathibitisha kwamba analala na CPAP. Habari nyingi zilizotufikia zilikuwa za umri na uchaguzi, na alama zile zikawa ushahidi wa udhaifu. Niliiandika upya. Nilisema mtu mwenye miaka 80 anaendesha nchi na usiku anavaa mashine kama anavyovaa miwani asubuhi. Baba alisikia. "Na yeye ana ndevu?" aliuliza. Nikamwambia hana. "Basi kwake rahisi."

Kuna jambo bado linaniuma. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku mogoka, yale majani ya kutafuna, tulijaza masaa ya mjadala: vijana, uraibu, wakulima wa Embu, mahakama. Yalikuwa mambo ya kweli. Lakini baba alitafuna mogoka miaka mingi barabarani, na hakuitafuna kwa starehe. Aliitafuna ili macho yasifumbe kati ya Voi na Mtito. Madereva wenzake wanaoegesha Miritini hadi leo hufanya hivyo. Wangapi kati yao wanakabwa usiku bila kujua? Katika masaa yote yale hakuna aliyeuliza, na mimi nilikuwa na maikrofoni mbele yangu.

Desemba 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya sindano, tirzepatide, kwa watu wazima wanene wenye apnia ya wastani au kali. Dawati letu lilikuwa limekwisha andika kichwa: "Sindano ya kumaliza kukoroma yapatikana". Nilimfuata mhariri nikamwomba aniachie kichwa hicho, na aniachie na nusu saa ya Jumamosi. Nilimweleza habari ya baba, mwembamba, ambaye sindano hiyo haikukusudiwa yeye. Alinipa.

Ijumaa usiku nilikwenda Chaani na kinasa sauti. Nilikiweka kwenye stuli kando ya kitanda. Baba alivaa vijiti vyake puani, akakaza mkanda, akabonyeza. Nilirekodi dakika tano, kisha nikakaa na mama sebuleni tukinywa chai ya tangawizi, ukuta ule ule katikati. Hatukuhesabu kitu.

Jumamosi niliicheza hewani. Hakuna ti, ti, ti. Ulisikika upepo mwembamba, kama wa feni ya mezani iliyowekwa chumba cha pili, na ndani yake pumzi ya mtu ikiingia na kutoka. Niliiacha dakika nzima bila kusema neno, jambo ambalo redioni ni kosa. Simu ya kwanza iliingia kutoka Mshomoroni, mwanamke mwenye sauti ya utu uzima. Alisema mumewe ameandikiwa mashine tangu mwaka jana, iko kabatini, haijafunguliwa.

"Mwanangu, sauti yake ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mama."

"Hebu irudie," akasema. "Aje asikie na yeye."

Nikairudia.